Mzigo kutoka ng'ambo: karatasi ndiyo inalinda undugu

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa uwanjani mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tukafupisha kidogo tu.



Kamati iliniomba niseme juu ya duane na kodi za mizigo inayotoka ng'ambo. Najua sababu yake. Siku hizi kesi zinazofika mbele ya wazee si za mashamba peke yake. Ziko pia za mizigo. Ndugu aliye Amerika, Kanada ama Australia ametuma pipa la nguo, amelipa pesa nyingi kule, halafu anapigiwa simu kutoka huku: "Tuma tena makuta ya duane." Anatuma. Wiki mbili zikipita, simu nyingine: "Bado, kuna ingine inabaki." Mwishoni anaacha kupokea simu. Anasema ndugu zake wamemla. Na huku ndugu analia, maana hakula hata frank moja.

Hapo mambo si ya kodi tena. Ni undugu unaoharibika. Familia zetu ziligawanyika kwanza kwa vita, zikagawanyika tena kambini: wengine walivuka ziwa kurudi Baraka na Uvira, wengine walipelekwa nchi ya tatu, wengine wangali Nyarugusu. Simu na mizigo ndiyo kamba inayotufunga pamoja. Kamba hiyo isikatike kwa sababu ya dola themanini ambazo hakuna mtu anayeweza kueleza ziliingia wapi.

Basi nitasema jambo moja, na mengine yote ni maelezo yake. Mzigo uanze na karatasi, na uishe na karatasi. Kabla ya kutuma, hesabu ijulikane. Baada ya kulipa, kitansi kionekane.

Duane inahesabu nini

Wengi wanafikiri mtu wa duane anatazama pipa, anatazama uso wako, halafu anataja bei. Kama ilikutokea hivyo, ujue hiyo haikuwa hesabu ya sheria. Duane iko na hesabu yake, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya.

Kwanza ni thamani ya mzigo. Thamani si bei ya dukani peke yake. Ni bei ya vitu, pamoja na pesa ya kusafirisha, pamoja na bima kama ipo, mpaka mzigo unafika kwetu. Hapa ndipo watu wetu wa ng'ambo wanashangaa: kumbe hata nauli ya mzigo inatozwa ushuru? Ndiyo, inatozwa.

Pili ni ushuru wenyewe wa kuingiza. Viwango vikubwa katika nchi yetu ni vitatu: 5 kwa mia, 10 kwa mia, na 20 kwa mia. Kwa jumla, mashine na vifaa vya kazi viko upande wa chini. Nguo, viatu na vitu vya nyumbani vilivyokwisha kutengenezwa viko upande wa juu.

Tatu ni TVA. Ilianza katika nchi yetu Januari 2012, na kiwango chake cha kawaida ni 16 kwa mia. TVA haihesabiwi juu ya bei ya vitu peke yake. Inahesabiwa juu ya thamani ukishaiongezea ushuru. Ni kodi juu ya kodi.

Tuchukue mfano. Mtoto wako ametuma nguo mpya za dola 200. Usafirishaji umegharimu dola 100. Thamani mbele ya duane ni 300. Ushuru wa 20 kwa mia ni dola 60. Sasa 300 na 60 ni 360. TVA ya 16 kwa mia juu ya 360 ni dola 57 na senti 60. Jumla ya ushuru na TVA: dola 117 na senti 60. Hapo sijaweka malipo ya OCC, wala ya wakala wa duane, wala ya gala.

Sikilizeni vizuri. Nguo za dola 200 zimefika kwako kwa dola 417 na senti 60, na hakuna mtu aliyeiba. Kila mtu amefanya kazi yake kwa haki, na bado bei imepita mara mbili. Kama nguo za namna ile unazipata sokoni Uvira kwa dola 150, basi mtoto angetuma pesa, na wewe ungebaki na akiba ya kulipa masomo ya watoto.

Sasa tugeuze mfano. Kifaa cha kazi cha bei ile ile, dola 200 na nauli 100, kikiwa kwenye kiwango cha 5 kwa mia: ushuru ni dola 15, TVA ni 50 na senti 40, jumla 65 na senti 40. Tofauti na nguo ni dola 52 na senti 20. Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza ndugu si "unatuma lini?" Ni "unatuma nini, na kiwango chake ni kipi?" Wakala wa duane mwenye kibali, yule tunamwita deklaran, anaweza kukutafutia kiwango hicho kwenye kitabu cha tarifu kabla mzigo haujapanda meli.

Neno "zawadi" halifuti ushuru

Kuna ndugu wanaoandika juu ya karatasi ya koli: "zawadi, dola 10", na ndani mna simu ya dola 300. Wanafikiri wanatusaidia. Hapana, ba ndugu, wanatutia shimoni.

Zawadi iko na thamani hata kama hakuna aliyeinunua kwako. Duane ikiona kwamba bei iliyoandikwa haifanani na kitu kilicho ndani, iko na haki ya kuikataa na kuweka thamani yake kwa kulinganisha na vitu vya namna hiyo. Inaweza pia kuongeza faini. Na mzigo ukipotea njiani, ukienda kudai fidia, watakulipa kwa kufuata ile karatasi: dola 10. Uongo wa kwenye karatasi unamwumiza mwenye mzigo mara mbili.

Kosa lingine ni kuandika "vitu mbalimbali" peke yake. Mtu wa duane haoni "vitu mbalimbali". Anataka kujua: mashati mangapi, viatu jozi ngapi, vya zamani ama vipya, kila kimoja bei gani. Orodha ikiwa nzuri, mzigo hauna sababu ya kumwagwa chini wote ili uhesabiwe. Orodha ikikosekana, unafunguliwa, unachelewa, na kila siku ya kuchelewa inahesabiwa kwenye gala.

Dawa nazo nizitaje hapa. Mama anaumwa presha, mtoto wake anaweka chupa za vidonge katikati ya nguo. Dawa zinahitaji ruhusa ya upande wa afya, na koli nzima inaweza kuzuiliwa kwa sababu ya chupa mbili. Simu na betri zake nazo ziko na masharti ya ndege. Muulize kampuni ya usafirishaji kwanza.

Shangazi wa Kigoma

Sasa nifike kwenye jambo linalowauma wengi hapa. Mizigo yetu mingi kutoka Amerika inashukia Dar es Salaam. Kutoka pale inakuja Kigoma na kuvuka ziwa, ama inazunguka kwa Bujumbura na kuingia kwa Kavimvira. Na kwa sababu tuko na shangazi, mjomba ama rafiki wa zamani Kigoma, ndugu wa ng'ambo anaandika jina lake kama mpokeaji. Anasema, "Yeye atawavushia."

Muone kinachotokea. Kwa sheria, mzigo ulioandikwa kwamba mwisho wa safari yake ni Kigoma ni mzigo wa Tanzania. Utalipiwa ushuru wa Tanzania, na juu yake kodi ya VAT ya kule, ambayo ni 18 kwa mia Tanzania bara. Shangazi analipa. Halafu mzigo unapanda mashua, unafika Baraka ama Uvira, na huku ni nchi nyingine. Duane yetu inauona kama mzigo mpya unaoingia, inauhesabu tena. Umelipa mara mbili kwa viatu vilevile.

Njia ya sheria ni transit. Tangu mwanzo karatasi za meli zitaje kwamba mzigo unapita tu Tanzania, mwisho wake ni Kongo, na jina la mpokeaji ni la mtu wa Kongo. Wakala wa kule anaweka dhamana kwamba mzigo utatoka kweli katika nchi yao. Hapo haulipi ushuru wa Tanzania. Unalipa huduma ya wakala na usafirishaji, na ushuru unaulipa mara moja, kwetu.

Wengine wananiambia: "Lakini tuliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mpaka umefunguliwa." Jumuiya haikufuta ushuru wa vitu vilivyotengenezwa China na kununuliwa Amerika. Masharti mepesi ya kikanda yanahusu hasa bidhaa zinazozaliwa katika nchi zetu. Pipa la kutoka Ohio halizaliwi Kigoma kwa sababu limelala pale usiku mmoja.

Karatasi ya kurudi si karatasi ya koli

Ba mama na ba papa mliorudi kwa msafara wa HCR tangu 2005 mnakumbuka: magodoro, baiskeli, sufuria, hata mabati ya nyumba, vilivuka pamoja nanyi, na hamkulipa duane. Hiyo haikuwa huruma ya mtu. Mikataba ya pande tatu, kati ya Kongo, nchi iliyowapokea na HCR, inatazama mambo hayo: mtu anayerudi kwao anaingia na vitu vyake vya nyumbani.

Ila mkataba ule unamlinda mtu anayerudi, pamoja na vitu vyake, wakati anaporudi. Haulindi koli aliyotumiwa miaka kumi baadaye. Nimeona watu wanafika mpakani na fomu ya kurudi, imekunjwa vizuri ndani ya plastiki, wanaionyesha ili mzigo wa mtoto upite. Wanarudi nyumbani na hasira, wakisema wamebaguliwa. Tusibishane hapo. Fomu ile itunzeni kwa mambo mengine, ila kwa koli haisaidii.

Tofauti ni kwa ndugu ambaye mwenyewe anahamia huku kabisa kutoka ng'ambo. Sheria ya duane inafahamu mtu anayehamisha makao yake na vitu alivyovitumia. Huyo aombe mapema, na karatasi za kuonyesha kwamba kweli anahama. Asingoje mpaka kontena lifike.

Kwa wafadhili na kwa kamati

Sasa naomba marafiki wafadhili wanisikie, maana neno hili ni lao hasa. Mnapotaka kutusaidia kwa vitu, mashine za kushona, vitabu, vitanda vya zahanati, msifikiri kwamba jina la chama linatosha kuvipitisha. Katika Kongo mashirika yasiyo ya faida yanaongozwa na sheria 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na kuna njia ya kuomba msamaha wa ushuru. Lakini ni jambo la kuomba. Halijileti lenyewe. Na linaombwa kabla mzigo haujafika.

Wanaombwa nini? Karatasi za chama zinazoonyesha kwamba kinatambuliwa na serikali. Barua ya zawadi kutoka kwa mfadhili, inayosema wazi kwamba vitu havitauzwa. Orodha ya vitu na thamani yake. Karatasi ya meli ama ya ndege. Maombi yanapanda mpaka wizarani Kinshasa, na kupanda huko kunachukua muda. Mzigo ukifika kabla ya jibu, unalala gala, na gala haina huruma kwa zawadi. Tena, hata msamaha ukipatikana, mara nyingi haufuti malipo ya huduma.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya kukusanya vitu, tuandikieni. Kamati itatafuta bei ya kitu hicho Uvira ama Bujumbura, na deklaran atatoa hesabu ya kukileta kutoka kwenu. Tutawatumia hesabu zote mbili. Kama kununua karibu ni rahisi, tumeni pesa, nasi tutaonyesha fakitire. Cherehani ikinunuliwa hapa, hata fundi wa kuitengeneza yuko hapa, na vipuri vyake viko hapa. Kama kitu hakipatikani katika eneo letu, basi tukilete, lakini kwa karatasi zilizotangulia.

Mpakani, nani analipwa

Mwaka 2002 serikali ilitoa dekreti iliyotaja huduma nne za kufanya kazi mipakani: duane, OCC, uhamiaji na usafi wa afya. Ninyi mnaovuka kila siku mnajua kwamba meza huwa ni nyingi kuliko nne. Sitawaambia mgombane na watu wenye bunduki. Nawaambia mjue maswali ya kuuliza kwa upole: "Papa, hii ni ya huduma gani? Karatasi yake iko wapi?"

Njia ya kawaida ni hii. Deklaran anaandika tangazo la mzigo. Duane inahesabu na kutoa karatasi ya hesabu. Unalipa benki, ama mahali pasipo benki, kwa mpokeaji wa duane mwenye kazi hiyo. Unapewa kitansi. Kwa kitansi hicho mzigo unatoka. Pesa inayoingia mfukoni bila karatasi haikuingia duane, na serikali haiijui. Mzigo ukishikwa tena kilomita mbili mbele, utalipa upya, kwa sababu huna cha kuonyesha.

Najua uzito wake. Mama yuko mpakani na mtoto mgongoni, jua linazama, mtu anamwambia: "Bila kitansi ni dola 30, na kitansi ni 80." Nani atachagua 80? Simlaumu. Lakini nataka ajue anachonunua kwa zile 30. Ananunua mzigo usio na ushahidi. Na jioni mtoto wake akipiga simu kutoka ng'ambo, kusema, "Mama, nilituma 80, zilienda wapi?", hatakuwa na kitu mkononi. Hapo ndipo kesi zinazaliwa.

Tunavyoomba chama kikubali

Nimeongea na kamati, na tunaleta mambo matatu mbele yenu, myakubali ama myakatae.

La kwanza, daftari la mizigo. Mwanachama anayengoja mzigo aje aandikishe: nani anatuma, vitu gani, thamani gani, unapita wapi. Katibu atamsaidia kupiga hesabu ile ya 300 na 360, halafu mwanachama atampigia mtumaji na kumwambia jumla nzima kabla hajatuma. Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Koli nayo ni mali.

La pili, picha ya kitansi. Siku ile ile ya kulipa, kitansi kipigwe picha kwa simu, kitumwe kwa ndugu wa ng'ambo, na nakala ibaki katika daftari. Asiye na simu ya picha atumie ya katibu. Hakuna kulipisha mtu kwa hilo.

La tatu, mkopo wa duane kutoka kwenye sanduku la AVEC. Mzigo ukifika na pesa haijafika, siku za gala zinakula. Mwanachama aliyeandikisha mzigo wake mapema, na ambaye hesabu yake inajulikana, aweze kukopa kiasi hicho kwa muda mfupi na masharti yale yale ya mikopo mingine. Asiyeandikisha asikopeshwe. Si kwa ukali. Ni kwa sababu hatujui kama anakopa kwa kulipa duane ama kwa kulipa mtu njiani.

Kuna mzee aliniambia wiki hii: "Mwanangu, karatasi ni mambo ya watu waliosoma. Sisi tunaaminiana." Nilimheshimu, na ninamjibu leo kwa heshima ile ile. Papa, ni kweli mlikuwa mnaaminiana, kwa sababu mlikuwa mnaonana. Ndugu yako alikuwa anaona shamba lako, mbuzi wako, sahani yako. Leo yeye yuko safari ya masiku, haoni kitu. Analala saa nne, anafanya kazi usiku katika kiwanda cha nyama, na kitu kimoja tu anachoona kutoka kwako ni kile unachomtumia kwa simu. Ukimtumia maneno peke yake, moyo wake utajaza mahali palipo wazi. Ukimtumia kitansi, atalala vizuri, nawe utalala vizuri.

Maswali tuyachukue sasa, na tuanze na ba mama, kwa maana wao ndio wanasimama mpakani.